Tiba saidizi na tiba mbadala kwa mgonjwa wa saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa kwenye benchi la kusubiria dripu, kwa sauti ya chini, mara nyingi daktari akishapita. Nimekaa kwenye benchi hilo miezi minane nikimuuguza mama, na tangu hapo watu hunipigia simu kila ndugu yao anapokutwa na ugonjwa huu. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo hadi yale mazito. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari wako, maana yeye ndiye anayejua aina ya saratani uliyonayo, dawa unazotumia na majibu ya damu yako ya wiki hii.

## Ya mwanzo

Tiba saidizi na tiba mbadala si kitu kilekile?

Hapana, ingawa watu huyataja kwa pamoja. Anayekunywa tangawizi ili apunguze kichefuchefu huku akiendelea na kemo, yaani dawa kali za hospitali za kuua saratani, huyo anatumia tiba saidizi. Aliyeacha kemo akabaki na tangawizi, huyo amechagua tiba mbadala. Tangawizi ni ileile, lakini hatari zimeachana mbali sana.

Utasikia pia neno "tiba jumuishi". Hapo hospitali yenyewe inaunganisha matibabu yake na tiba saidizi zilizokwisha kupimwa, na kila kitu kinaandikwa kwenye faili moja.

Kuna tiba mbadala yoyote iliyothibitishwa kuponya saratani?

Hakuna. Najua jibu hili linavyouma, kwa sababu nililitafuta jibu tofauti usiku kucha kwa wiki nyingi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walipitia kumbukumbu za wagonjwa wa saratani ya matiti, tezi dume, mapafu na utumbo mpana ambao ugonjwa wao ulikuwa haujasambaa. Wagonjwa 281 waliochagua tiba mbadala peke yake walilinganishwa na 560 waliotibiwa kwa njia za kawaida. Katika matokeo yaliyochapishwa 2018, hatari ya kufa kwa kundi la kwanza ilikuwa mara 2.5 ya kundi la pili. Kwa saratani ya matiti ilizidi mara 5, na kwa utumbo mpana ilizidi mara 4. Hao ni watu ambao ugonjwa wao ulikuwa bado unatibika.

Nikichanganya vyote viwili si nitapata faida mara mbili?

Inategemea unachanganya nini, na kama kuchanganya huko hakutakufanya upunguze upande wa hospitali. Watafiti walewale walitoa kazi nyingine mwaka huohuo, wakiwaangalia wagonjwa 258 waliotumia tiba saidizi pamoja na angalau aina moja ya matibabu ya hospitali. Asilimia 53 kati yao walikataa mionzi na asilimia 34 walikataa kemo, wakati kwa wagonjwa wengine waliokataa walikuwa wachache sana. Hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili ya wagonjwa hao wengine, na ilionekana kutokana na matibabu waliyoyakataa au kuyachelewesha.

Kwa hiyo ukijikuta unasema "nitaanza na hii kwanza, ile ya hospitali baadaye", umeshavuka mpaka tuliouzungumzia kwenye swali la kwanza.

Lakini dawa za hospitali nazo si zinatokana na mimea?

Baadhi, ndiyo, na ni jambo la kujivunia. Dawa za kemo ziitwazo vinkristini na vinblastini zilitoka kwenye *Catharanthus roseus*, ua la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska. Irinotekani, nayo dawa ya kemo, chimbuko lake ni mti wa China, *Camptotheca acuminata*. Paklitakseli ilipatikana kwenye ganda la mti wa *Taxus brevifolia*. Sampuli ya ganda hilo ilikusanywa 1962, na dawa ikaidhinishwa Marekani 1992. Miaka 30 ilipita watu wakitafuta kiini chenyewe, kipimo chake na madhara yake.

Tazama vinkristini kwa karibu. Kipimo cha mtu mzima kwa kawaida hakizidishwi miligramu 2 kwa mara moja, tena kwenye mshipa wa damu tu. Ikiingizwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo, inaua. Mmea wenye nguvu kiasi hicho hauwezi kupimwa kwa kikombe. Majani ya sufuria ya leo yanaweza kuwa na kiini kingi, ya kesho yasiwe nacho kabisa, na mnywaji hana njia ya kujua.

## Zinazosaidia kweli

Ni tiba saidizi zipi zilizoonekana kupunguza uchovu, kichefuchefu na maumivu?

Ningeanza na mazoezi, kwa sababu ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko yote na ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote. Uchovu wa saratani hauondoki kwa kulala. Mwili ukilala sana unazidi kuchoka. Mama alianza kwa kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, mkono mmoja ukutani, akihesabu hatua kwa sauti. Wiki ya tatu alifika getini. Siku nyingine aliishia kukaa ukingoni mwa kitanda tu, nayo tuliihesabu kuwa siku ya mazoezi.

Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya jaribio la wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kumaliza kemo. Nusu yao walipewa programu ya mazoezi yenye msimamizi kwa miaka mitatu, wengine wakapewa kijitabu cha afya. Baada ya miaka minane, waliokuwa hai ni takriban asilimia 90 kwa waliofanya mazoezi na asilimia 83 kwa wenzao. Angalia mpangilio wake: upasuaji, kemo, halafu mazoezi.

Tiba ya sindano, yaani akupancha, imeonekana kusaidia kichefuchefu cha kemo, na pia maumivu ya viungo kwa wanawake wanaotumia dawa za kushusha homoni kwa ajili ya saratani ya matiti. Tangawizi ilipimwa kwa wagonjwa 576: nusu gramu hadi gramu moja kwa siku, pamoja na dawa za kawaida za kuzuia kutapika, ilipunguza kichefuchefu cha siku ya kwanza ya kemo. Yoga na mazoezi ya kutuliza fikra husaidia wasiwasi na usingizi. Muziki nao hutuliza, na hauna dawa yoyote unayoweza kugongana nayo.

Masaji inaweza kusambaza saratani?

Masaji laini haisambazi saratani, na kwa wengi hupunguza wasiwasi na maumivu kwa muda. Tahadhari ziko kwingine. Usikandwe juu ya uvimbe, juu ya ngozi iliyochomwa na mionzi, wala mahali ambapo saratani imefika kwenye mfupa, kwa sababu mfupa huo unaweza kuvunjika kwa shinikizo dogo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla usiukande kabisa. Huenda damu imeganda ndani, na hilo ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Na hijama, kuumikwa, au tiba yoyote ya kukata ngozi?

Wakati wa kemo, usifanye bila daktari kuangalia damu yako. Kemo hushusha chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu, na pia chembe sahani zinazogandisha damu. Mkato mdogo ambao zamani ungepona kwa siku mbili unaweza kutoka damu isiyokoma au kuingiza maambukizi yanayosambaa mwilini ndani ya saa chache. Joto la mwili likifika nyuzi 38 ukiwa kwenye kemo, iwe umekatwa au hujakatwa, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Kama ni tiba ya sindano ya swali la juu, nayo ifanywe na mtaalamu anayejua damu yako ikoje.

Maombi je?

Omba, na uombewe. Sala, dua na watu wanaokuja kukaa nawe humpa mgonjwa nguvu ambayo hakuna kidonge kinachoitoa, na wauguzi wengi watakuambia wameiona. Ninachokataa ni sauti moja tu: ile inayosema ukimeza dawa umepungukiwa imani.

## Mimea, virutubisho na vyakula

Kitu cha asili kinaweza kudhuru vipi?

Kwa njia tatu. Ya kwanza ni sumu ya mmea wenyewe. Mimea ya jamii ya *Aristolochia* imeharibu figo za watu na hata kuwasababishia saratani ya njia ya mkojo. Ya pili ni uchafu: dawa isiyokaguliwa inaweza kuwa na fangasi, metali nzito, au vidonge vya hospitali vilivyosagwa na kuchanganywa kimyakimya.

Ya tatu ndiyo isiyoonekana, nayo ni kugongana kwa dawa. Ini lina vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa. Mmea wa *Hypericum perforatum*, unaotumiwa kwa huzuni, huvichochea vifanye kazi kupita kiasi. Katika jaribio moja dogo la 2002, kiwango cha kiini tendaji cha irinotekani kwenye damu kilishuka kwa asilimia 42 kwa wagonjwa waliotumia mmea huo. Hebu fikiria: umevumilia kutapika na nywele kukatika, kumbe sehemu kubwa ya dawa imepotea. Balungi hufanya kinyume chake. Huzuia vimeng'enya hivyo, dawa ikalimbikizana hadi kuwa sumu. Kuna vidonge vya saratani ambavyo karatasi yake imeandika wazi usile balungi.

Kwa mama ilikuwa chupa ya maji ya rangi ya kahawia, imeandikwa kwa kalamu "vijiko 2 x 3", bila jina la mmea. Shangazi aliileta kwa upendo mtupu. Mzunguko wa tatu wa kemo, vipimo vya ini vikapanda na dripu ikaahirishwa. Muuguzi alifunga pazia, akakaa, akauliza, "Mama, kuna kitu kingine unakunywa nyumbani?" Mama alinitazama kwanza mimi. Tuliiacha chupa, na baada ya wiki mbili ini lilitulia. Siwezi kuapa kwamba ni ile chupa, lakini hizo wiki mbili za kemo zilipotea.

Vitamini za madukani zinaongeza kinga?

Ukiwa na upungufu uliopimwa, daktari atakupa vya kutosha. Kuzimeza kwa wingi kwa kudhania ni jambo jingine, na historia yake inatisha. Nchini Ufini wanaume 29,133 waliovuta sigara walishiriki kwenye jaribio, baadhi wakipewa beta-karotini, kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ili kuwakinga. Matokeo ya 1994 yalionyesha saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18 kwa waliopewa. Mwaka 2011, jaribio lingine la vitamini E lilionyesha saratani ya tezi dume imeongezeka kwa asilimia 17.

Vitamini C ilipata umaarufu miaka ya 1970 kupitia Linus Pauling, mwanasayansi mwenye tuzo mbili za Nobel. Majaribio mawili ya Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, ya 1979 na 1985, yaliwapa wagonjwa vidonge vyake kwa dozi kubwa na hayakuona faida.

Majani ya stafeli, manjano, habbat sauda: si yamethibitishwa na wanasayansi kuua saratani?

Yameua chembe za saratani kwenye sahani ya maabara. Mambo mengi huziua chembe hizo kwenye sahani, hata chumvi ikizidi. Mwilini ni lazima kiini kipite tumboni, kivuke ini, kifike kwenye uvimbe kikiwa bado na nguvu, na kisiue chembe nzima njiani. Manjano hukwama mapema: kiini chake hufyonzwa kidogo sana. Stafeli lina kitu kiitwacho anonasini kinachodhuru chembe za neva, na watafiti wa kisiwa cha Guadeloupe, Karibi, wameuhusisha ulaji wake mwingi na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson.

Manjano kwenye mchuzi hayana neno. Ninayoyasemea ni makopo ya vidonge na dawa zilizochemshwa zikakolea.

Mbegu za aprikoti na "vitamini B17"?

Si vitamini. Ni amigdalini, ambayo tumboni hutoa sianidi. Ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 178 na matokeo yakachapishwa 1982: hakuna aliyepona, na baadhi yao walionyesha dalili za sumu ya sianidi. Usile.

Sukari hulisha saratani? Niiache kabisa?

Chembe zote za mwili hutumia sukari, na za saratani huitumia kwa pupa zaidi. Lakini ukiacha kuila, ini lako litaitengeneza lenyewe kutokana na misuli yako. Kupunguza soda na peremende ni jambo jema kwa yeyote. Kumnyima chakula mtu aliyepungua kilo kumi, hapana. Nimeona ndugu wakimwondolea mgonjwa sahani ya kitu pekee alichoweza kumeza siku hiyo. Mgonjwa anayekonda sana huvumilia kemo kwa shida, na wakati mwingine dozi hupunguzwa kwa sababu hiyo. Kufunga kwa siku nyingi na kuishi kwa juisi tupu nako ni vivyo hivyo.

Maji ya alkali au bikaboneti ya soda?

Damu hukaa kwenye pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya 7.35 hadi 7.45, na mapafu na figo huilinda hapo kwa nguvu zote. Unachokunywa hubadilisha mkojo tu. Bikaboneti nyingi huvuruga chumvi za damu na inaweza kusimamisha moyo. Ina kazi yake, hata hivyo: kiasi kidogo kwenye maji pamoja na chumvi, ya kusukutulia kinywa chenye vidonda vya kemo, kisha unatema.

Bangi?

Dawa mbili zenye viini vya aina hiyo, dronabinoli na nabiloni, ziliidhinishwa Marekani 1985 kwa kichefuchefu cha kemo. Hakuna ushahidi kwamba bangi huponya saratani kwa binadamu. Sheria hutofautiana kila nchi.

## Hali ngumu

Nikijaribu mitishamba mwezi mmoja tu kabla ya upasuaji, kuna ubaya?

Upo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2020 ulikuta kwamba kila wiki nne za kuchelewa kuanza matibabu zinaongeza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 6 hadi 13, kulingana na aina ya saratani na matibabu. Tena mitishamba yenyewe inaweza kuongeza kutokwa damu kwenye meza ya upasuaji au kuingiliana na dawa ya usingizi. Madaktari wengi hutaka iachwe wiki mbili kabla.

Lakini namjua mtu aliyepona kwa dawa ya asili.

Huenda ni kweli anaishi. Muulize kwa upole: kinyama kilipimwa maabara kikathibitishwa ni saratani? Alifanyiwa upasuaji kabla? Alipata mionzi hata mara chache? Mara nyingi hadithi inaruka hapo. Uvimbe ulishaondolewa, dawa ikaja baadaye ikapewa sifa. Na waliokunywa dawa hiyohiyo wakafariki hawapo kutupa ushuhuda wao.

Nimtambueje anayetaka kunilia pesa?

Anatibu saratani zote kwa dawa moja, pamoja na kisukari na nguvu za kiume. Hataji kilichomo. Anataka malipo yote mwanzoni. Ukizidiwa, anasema sumu inatoka. Anakuambia usimwambie daktari, na hilo la mwisho peke yake latosha kukufanya uondoke.

Hospitali imesema haiwezi tena kuponya. Sasa si niruhusiwe kujaribu chochote?

Uamuzi ni wako, na hakuna mwenye haki ya kukugombeza. Ila kabla hujauza kitu cha thamani, omba tiba shufaa. Watu huiogopa wakidhani ni chumba cha kufia, kumbe ni kazi ya kuondoa maumivu, kubanwa pumzi, kukosa usingizi na hofu. Mofini, dawa ya maumivu makali, ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo. Katika jaribio la 2010 la wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, waliopewa tiba shufaa mapema waliishi miezi 11.6 kwa wastani wa kati, na wenzao 8.9. Waliishi kwa nafuu zaidi pia.

Masaji, muziki na sala, vyote vilivyotajwa kwenye sehemu ya pili, hapa ndipo vina nafasi pana kuliko popote. Epuka vitakavyokutia maumivu mapya: enema za kahawa, yaani kuingiza kahawa kwenye njia ya haja kubwa, zimewahi kuua watu kwa kuvuruga chumvi za damu, na marhamu meusi ya "kutoa mzizi" huchoma nyama nzima huku saratani ikibaki chini yake.

Nimekuwa nikitumia kwa siri miezi kadhaa. Nimwambie daktari vipi?

Mwambie kabla ya dripu inayofuata, na kama huwezi kuanza na daktari, anza na muuguzi au mfamasia. Huhitaji kujieleza kwa nini. Sema tu, "Kuna kitu nimekuwa nikitumia nyumbani, naomba mkiangalie kama kinaendana na dawa zangu." Nenda na chupa au pakiti yenyewe, au majani kwenye mfuko, au picha ya lebo kwenye simu. Andika ulianza lini, unatumia kiasi gani, mara ya mwisho ni lini. Ukifokewa, na hutokea, omba kuzungumza na mwingine. Taarifa hiyo ni lazima iingie kwenye faili.

Kama wewe ndiye unayeuguza, usimwachie mgonjwa aseme peke yake. Yule muuguzi alipouliza, mama alisubiri mimi niitoe chupa kwenye mkoba.